Dalia za Mama Ayuma

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: sijawahi kuchora ua lililo hai. Picha yangu ya waridi, ile iliyotundikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, niliinakili kutoka kwenye kalenda ya kampuni ya bima. Hata tone la umande ni la kalenda. Watu hulisifu sana tone lile.

Leo Mwalimu Wekulo wa sanaa ametuita shuleni ingawa ni likizo. Amepewa sanduku moja la rangi za mafuta, tyubu ishirini na nne, mpya kabisa. Atampa mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu. Sharti: picha ichorwe nje, mbele ya maua yenyewe, na ifike mkononi mwake Jumatatu ijayo. Akanitazama, akatabasamu. Akasema Nzisa asituangushe.

Ishirini na nne! Chakula cha mchana nilikisahau mezani.

Jumanne, 6 Agosti

Hapa kwetu Kaloleni, Nairobi, bustani ya kweli ni moja, ya Mama Ayuma, nyumba ya tatu kutoka yetu. Dalia nyekundu, kubwa kama sahani. Marehemu mumewe alikuwa mtunza bustani kwa tajiri fulani huko Muthaiga. Viazi vya dalia alivileta vimefungwa katika gazeti, mfukoni mwa koti. Mama Ayuma huzisalimu kila asubuhi kabla ya kutusalimu sisi.

Niliamka saa kumi na moja unusu ili niwahi mahali pazuri. Kyule, wa darasa letu, alikuwa ameshakaa. Baba yake huchonga vinyago Majengo, kwa hiyo anajiona amezaliwa na jicho la msanii. Akaniuliza, "Niaje Nzisa, umekuja kuchora ama kusoma?" kwa sababu nilikuwa na vitabu vitatu. Nikasema vyote viwili. Jibu zuri lilinijia saa nane mchana.

Nilipata nafasi nyuma ya kamba ya nguo. Nimechora shuka vizuri sana.

Jumatano, 7 Agosti

Siri nyingine: rangi zangu ni mabaki ya Mjomba Mwangangi, anayeandika mabango ya vioski. Rangi ya mlango, kwa kweli. Brashi naziosha kwa mafuta ya taa, ndani ya mkebe wa jemu. Kyule ana rangi za maji, safi, kila moja na kijishimo chake. Sikutaka aone mkebe.

Leo nilikuwa wa kwanza. Mahali pazuri, pangu peke yangu! Saa tatu nikasikia mluzi wake kwenye kona. Nikaumwaga mkebe wote katika ndoo iliyokuwa karibu, nikafungua kitabu. Alipita moja kwa moja kwenda kwao. Hakunitazama hata kidogo.

Nilijipongeza mpaka jioni.

Ndoo ile. Jumatano mfereji hukauka. Jumatano majirani wote humwekea Mama Ayuma humo maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na sabuni, kwa ajili ya maua yake. Mimi mwenyewe ndiye hupeleka ya kwetu. Nimekumbuka haya nikiwa na tonge la ugali mkononi. Nikakimbia. Ndoo ilikuwa imegeuzwa kifudifudi, tupu, na udongo umelowa.

Nikarudi, nikamaliza ugali. Labda mafuta ya taa ni mbolea. Nimetazama katika kitabu cha biolojia. Hakisemi ndiyo wala hapana.

Alhamisi, 8 Agosti

Si mbolea.

Dalia zote zimeinamisha vichwa. Majani yamekuwa kama sukuma wiki iliyosahaulika jikoni. Mama Ayuma alikuwa amepiga magoti, akinusa udongo. Akasema ni mafuta ya taa. Akasema tena, polepole, kama anayetaja jina la mtu.

Jirani yetu Mama Syombua akasema alimwona Kyule jana jioni akipita na chupa ya mafuta ya taa. Lakini kila mtoto wa mtaa huu hupita jioni na chupa ya mafuta ya taa kutoka dukani! Nilisema hivyo moyoni, kwa sauti kubwa sana.

Kyule akafika na karatasi yake. Mama Ayuma hakumpigia kelele. Alimwambia tu, "Kijana, chukua kiti chako uende. Mguu wako usikanyage hapa tena."

Kyule alinigeukia, akingoja niseme neno, maana nilishinda hapo jana. Nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Ijumaa, 9 Agosti

Mama Ayuma alinileta mwenyewe bustanini na kigoda. "Nzisa mwanangu, wewe chora. Zichore kabla hazijaisha." Heri angenitukana.

Nimechora kutwa. Sikuwa na moyo wa kuzirembesha, kwa hiyo nilizitazama. Dalia si nyekundu. Ndani kabisa ni zambarau, karibu nyeusi, na kila petali imejikunja kama kijiko. Shingo ya ua lililochoka hupinda mahali pamoja tu, kama ya mtu aliyesinzia kanisani. Kulikuwa na chungu aliyepanda, akakuta juu kumekauka, akateremka. Nilimchora pia.

Sijawahi kuchora hivi. Nililia kidogo, lakini mkono haukutetemeka, na hilo nalo ni aibu.

Jumatatu, 12 Agosti

Mwalimu Wekulo aliishika picha yangu dirishani kwa muda mrefu. Akasema mwaka jana nilimletea ua, mwaka huu nimeliona. Akauliza kwa nini maua yanakufa. Nikasema kiangazi. Agosti, Nairobi, na yeye amevaa sweta mbili!

Kyule alileta nusu ya picha: ua moja, shina, kisha karatasi nyeupe. Aliulizwa kwa nini hakumaliza. Akasema alifukuzwa. Hakueleza zaidi. Nusu ile ni bora kuliko yangu nzima.

Sanduku liko chini ya kitanda changu. Sijalifungua. Nimelifungua mara moja tu, kunusa.

Jumanne, 13 Agosti

Mpango! Barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa. Muda wa saa mbili, rasimu nne. "Mama mpendwa, mafuta ya taa yalimwagwa na mtu mwingine kwa bahati mbaya. Kyule hana hatia. Mtu huyo anajuta mno." Nimeipitisha chini ya mlango wake jioni. Nimejisikia mwepesi kama unyoya. Nimeishukuru elimu.

Jumatano, 14 Agosti

Saa nne asubuhi Mama Ayuma alibisha hodi kwetu, barua mkononi. Katika ujanja wangu wote nilisahau kitu kimoja: Mama Ayuma hajui kusoma. Barua zake zote kutoka Vihiga, ni mimi ninayemsomea. Mwaka wa pili sasa!

Akanipeleka kwake, akanimiminia chai, akaketi mikono mapajani. Nikasoma. Sauti ilitoka kama ya mbuzi mdogo. Nilisoma yote, hata pale pa kujuta. Akaomba nirudie pale pa Kyule. Nikarudia.

"Ni yeye," akasema. "Kyule mwenyewe. Nani mwingine angejisumbua kumtetea Kyule?" Akatikisa kichwa. "Viazi vimeoza vyote, Nzisa, nimevichimbua jana. Lakini ningemsamehe, haki ya Mungu. Angesimama tu hapo mlangoni aseme, Mama, ni mimi. Sasa ameongeza na uongo."

Kisha akaniuliza, mimi niliyesoma, naonaje.

Maneno matatu, na alikuwa ameshanipangia. Nikafungua kinywa. Nikasema chai ina tangawizi nzuri.

Nilimaliza chai, nikaosha kikombe, nikarudi nyumbani. Nimekaa mezani tangu saa sita. Naandika barua ya pili, ya kueleza kwamba ile ya kwanza haikuandikwa na Kyule. Hii naiandika kwa mkono wa kulia, ila nimezilaza herufi upande mwingine. Nitaipitisha chini ya mlango jioni. Kesho saa nne nitakuwa nyumbani, akihitaji kusomewa.