Lalamiko Kuhusu Jina Langu la Nyumbani na Mtu Aliyesimama Mlangoni

Krishnanagar, nyuma ya soko la samaki
Mwezi wa Bhadra, mvua bado inanyesha

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na mtambo wako wa kuchapia. Mimi si mzima, na aliyenifikisha hapa ni wewe. Nayasema haya kwa heshima zote anazostahili mhariri wa jarida la fasihi linalotoka kila msimu, isipokuwa misimu ambayo halitoki.

Utakumbuka kwamba kabla ya Boishakh, mwezi unaofungua mwaka wetu, ulikuja nyumbani kwangu kuchukua malengo yangu ya uandishi ya mwaka mpya, kwa ajili ya ule ukurasa ambao waandishi wa wilaya yetu hujitangazia mambo makubwa. Nilikupa malengo matatu. Kwamba mwaka huu nitamaliza riwaya yangu. Kwamba kila alfajiri nitaandika shairi moja kabla ya chai. Na kwamba sitakanyaga kijiwe cha chai cha Gobindo mpaka riwaya iishe. Ni malengo mazuri sana. Nimeyatumia miaka mingi na hayajawahi kumdhuru mtu. Kila Januari mimi huyatangaza kwa ajili ya mwaka wa maofisini, na yakishaota ukungu huyatangaza tena Boishakh kwa ajili ya mwaka wetu wenyewe, nikiwa nimevaa kurta mpya na tumbo limejaa vitamutamu vya maziwa. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na miaka mipya miwili, na sikuwa nimemkosea yeyote.

Sasa naomba unisikilize.

1. Jina. Wewe ni Mbengali kama mimi, kwa hiyo huna kisingizio. Kila mmoja wetu ana majina mawili: moja la shuleni, la vyeti na la jalada la kitabu, lingine la nyumbani, tulilobandikwa kabla hatujaota meno, na linalotumiwa na watu waliotuona tukioga uchi. Mwandishi ni Hirendranarayan Bhaduri. Huyo ana malengo. Potla hana malengo; Potla hutumwa chumvi dukani. Watu hawa wawili hawakutanishwi mbele ya watu. Lakini siku ile ulipokuja, shangazi yangu alipaza sauti kutoka jikoni, "Potla! We Potla! Kuna mtu wako hapa, kavaa miwani, mpe kiti asije akaanguka!" Ukacheka, ukanywa chai yetu, ukaenda zako ukachapa: Hirendranarayan Bhaduri (Potla). Nilipokuuliza, ulisema ulitaka wasomaji wanione mtu wa karibu. Hongera, wameniona. Mtaa wangu, ambao siku zote uliamini kwamba Hirendranarayan Bhaduri ni mzee fulani wa Kolkata mwenye mvi na kiyoyozi, sasa unajua kwamba ni mimi.

2. Chai. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Gobindo kama kawaida, kwa sababu lengo ni lengo na kiu ni kiu. Nikaukuta ukurasa wako umebandikwa juu ya kopo la biskuti. Gobindo akafunika birika kwa mkono wake. "Kaka Potla, mbona unataka kuniingiza dhambini? Umeandika mwenyewe hapa kwamba hukanyagi." Nikamwambia ni lugha ya kifasihi. "Basi nenda ukanywe chai ya kifasihi," akasema, na rafiki zangu wote, watu niliokaa nao benchi moja tangu tukiwa vijana, wakacheka mpaka vikombe vya udongo vikawaponyoka mikononi. Tangu siku hiyo huwasikiliza nikiwa dirishani kwangu. Wanazungumza kuhusu riwaya yangu. Wanaizungumzia vizuri kuliko nilivyoiandika, na hilo limeniumiza zaidi ya kukosa chai.

3. Samaki. Hapa lazima nikukumbushe riwaya yenyewe, maana nakushuku uliichapa bila kuisoma. Katika sura tatu ulizotoa zamani, shujaa wangu Mrinmoy anarudi kwao baada ya kupotea ughaibuni. Mvua inamnyeshea. Anafika mbele ya mlango wa nyumba yao, hajui nani yu hai na nani amekufa, anainua mkono apige hodi. Mwisho wa sura ya tatu. Hapo ndipo riwaya ilipo hadi leo.

Kwa sababu ya mabano yako, watu wamezifukua sura hizo chini ya magodoro na kuzisoma. Nibaran muuza samaki kasomewa na binti yake. Sasa kila nikifika gengeni kwake anauliza mbele ya wateja, "Yule bwana bado kasimama mlangoni? Jamani, mkono haujamfa ganzi?" Kisha ananinyima minofu. Ananipa kichwa cha samaki, kila siku kichwa, kwa kuwa kichwa ni chakula cha ubongo. "Minofu utaipata sura ya nne," anasema. Ndugu Mhariri, nimekula macho mengi ya samaki mwaka huu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na bado sijaona lolote.

4. Mashairi ya alfajiri. Jirani yangu Bi Purnima, mwalimu mstaafu wa hesabu, hugonga dirisha langu kwa fimbo kabla ya kunguru kuamka. "Potla! Taa haijawaka! Shairi liko wapi?" Nilimwandikia moja kuhusu umande. Alilirudisha limesahihishwa.

5. Nilidhani nimefika mwisho wa aibu, kumbe hata mwanzo sikuwa nimeufikia. Unajua kwamba klabu za mitaa hushindana kujenga banda la sherehe ya mungu wetu Mama Durga, kila mtaa na wazo lake. Mwaka jana mtaa wa pili ulijenga meli ya vijiti vya kiberiti, nasi tukalala bila raha. Mwaka huu klabu yetu imeamua kujenga Mlango. Mlango mmoja mkubwa kuliko msikiti na hekalu vikiwekwa pamoja, na mbele yake mtu wa udongo, amelowa, mkono juu. Mama Durga na watoto wake wanne watakuwa nyuma ya mlango huo. Siku ya sita ya mwezi mwandamo, wakati wa kufungua sherehe, sura ya nne itasomwa kwenye vipaza sauti, hodi itapigwa, mlango utafunguka na Mama ataonekana. Hivyo nimepewa kazi ya kumfungulia mungu mlango, na sijui hata bawaba zake ziko upande gani.

Tapan, katibu wa klabu, alikuja na mfinyanzi kutoka Ghurni, mikono yote udongo mtupu. "Kaka Potla, swali moja tu, tusikupotezee muda. Anapiga hodi kwa mkono wa kulia au wa kushoto?" Nikaipekua sura ya tatu. Sikuwahi kuliandika hilo. Mfinyanzi akaniangalia kwa huruma. "Na wewe ndiye baba yake?" akauliza. Mpaka sasa mtu huyo wa udongo amesimama karakanani na mabega mawili bila mikono, ananisubiri.

6. Hili la mwisho siliandiki kwa mzaha, na naomba ulisome umekaa.

Shangazi Nonibala, yule aliyekuita mtu wa miwani, ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa bado nikibebwa, na jina la Potla ni yeye aliyenipa, kwa sababu nilikuwa mnene nimefungwa kwenye shali kama kifurushi. Miaka kadhaa iliyopita alilazwa kwa moyo, na daktari akaniita pembeni akaniambia nijiandae. Sikujua watu hujiandaaje. Kwa hiyo nikakaa kando ya kitanda chake nikamsomea riwaya yangu, sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka Mrinmoy akainua mkono. Akafumbua macho. "Halafu?" Nikamwambia, kesho. Kesho yake akaomba uji.

Tangu wakati huo kila anayemuuliza hali hupewa jibu moja. "Mimi? Siendi popote mimi. Kuna mtu mlangoni hajapiga hodi." Anamwambia daktari, anamwambia Bi Purnima, anawaambia hata wauza vyombo wanaopita. Daktari anashangaa, anasema moyo ule hauna maelezo. Mimi maelezo ninayo, yamo kwenye mtoto wa meza. Sasa unaelewa kwa nini sura ya nne haijaandikwa? Si uvivu, ingawa uvivu nao upo. Naogopa. Naogopa kwamba siku Mrinmoy atakapopiga hodi, shangazi yangu ataridhika, atajinyoosha na kwenda zake, na nyumba hii haitakuwa tena na mtu wa kuniita Potla. Mtaa mzima unanisukuma nimuue mzee wangu kwa vipaza sauti, mbele ya umati, na aliyewapa silaha ni wewe na mabano yako.

Kwa sababu hizo basi naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo. Uchape sahihisho kwamba Hirendranarayan Bhaduri na Potla ni watu wawili wasiofahamiana, na kwamba Potla hajui kusoma. Hilo likishindikana, utangaze kuwa malengo ya mwandishi ni kazi ya kubuni kama kazi zake nyingine, na hakuna mwandishi anayepaswa kuulizwa habari zake sokoni. Na hilo nalo likishindikana, uwaandikie wanaotengeneza kalenda zetu waiahirishe Boishakh ijayo, ili mwaka huu uendelee kwa muda usiojulikana, na malengo yangu yaendelee kuwa ya mwaka huu. Sioni ugumu wowote. Jarida lako limechelewa zaidi ya hapo na hakuna aliyepata madhara.

Nisalimie mkeo, mpiga chapa wako, na yule msahihishaji anayeondoa nukta zangu. Shangazi anakusalimu pia, anasema urudi unywe chai, safari hii umalize kikombe.

Wako katika fasihi na katika mateso,
Hirendranarayan Bhaduri
(bila mabano)

N.B. Barua hii ilikuwa tayari imefungwa, nimelazimika kuifungua. Nina tabia ya kusoma kwa sauti ninapoandika, na kumbe ukuta kati ya meza yangu na jiko ni wa mbao nyembamba. Shangazi aliingia na mwiko wa kukorogea dengu mkononi. Nilidhani atalia. Alinipiga nao begani.

"Mpumbavu we! Umemwacha mtoto wa watu kwenye mvua miaka yote hii kwa ajili yangu?"

Nikamwambia, si ulisema mwenyewe, huendi popote mpaka apige hodi.

"Nilisema ili usiache kuandika! Kila ukirudi kutoka kwa Gobindo ulikuwa unasema unakwenda kuomba kazi ya ukarani. Nikaona huyu asipokuwa na mtu wa kumngoja, atafunga kalamu. Nikakaa nikakungoja. Unadhani dawa za yule daktari ni tamu?"

Basi tukawa tunatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja akiwa amejitwika mwenzake bila kumwambia. Nilicheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Kisha akavuta kigoda akaketi, akaniamuru nishike kalamu. Ilipofika jioni Mrinmoy alikuwa amepiga hodi. Ni kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulibeba sanduku. Tafadhali ukionana na Tapan mwambie ampashe habari mfinyanzi. Nani alifungua mlango sikwambii, utasikia kwenye vipaza sauti pamoja na wenzako.

Nilimsomea shangazi sura nzima, ambayo imekuwa ya mwisho, huku nikimwangalia kifua kila baada ya aya. Nilipofika mwisho alijifuta macho kwa ncha ya sari, akasogeza kigoda karibu.

"Halafu?" akasema.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa maombi yangu yote, iache Boishakh ije kwa wakati wake, na unihifadhie nafasi kwenye ukurasa wa malengo. Lengo ni moja tu, kitabu cha pili cha Mrinmoy. Jina andika Potla. Lile lingine, kama nafasi itabaki, liweke kwenye mabano.