Karatasi ya Maître Constantin

"Kama ile gari ni yako, basi na huu muguu ni wako," Maman Bulonza alimwambia jirani yake Grégoire, akiwa upande wake wa ua, magongo mawili kwapani. Mtaa mzima wa Nyalukemba ulikuwa umeacha vyungu motoni uje kusikiliza.

Grégoire alijibu kwamba teksi aliyopanda mama huyo kutoka Kavumu, siku alipovunjika mguu, ndiyo iliyojipeleka mbele ya camionnette yake ya mizigo. Bulonza akasema hayo atayaeleza mahakamani. Alikuwa muuza kaguwa, nguo za mitumba, na kaguwa haiuzwi kitandani. Daktari alitaka kumtia chuma mguuni upesi, kabla mfupa haujaunga upande.

Constantin alikuwa akipita njia. Alisomea sheria miezi mitatu, vita ikafunga masomo, naye akajionea huruma akajipa diploma. Watu walimwita maître, yaani wakili. Aliposikia "mahakama", alipunguza mwendo kama mtu aliyepitia kwenye harufu ya nyama.

Alimvuta Grégoire pembeni. Bima ya ile teksi, alisema, bado ina ofisi mjini. Makao makuu yake, Kinshasa, yako ng'ambo ya vita, lakini hakuna aliyemwambia meneja afunge. Yeye ataenda huko kwa niaba ya Grégoire, wafanye arbitrage, yaani usuluhishi wa nje ya mahakama. Ikishaandikwa nani alikosa, hakimu gani atathubutu kuuliza tena?

"Ile papier itamufunga ule mama mudomo, papa. Kabisa."

Grégoire akalipa papo hapo.

Arbitrage ilichukua nusu saa na bia mbili. Iliandikwa kwamba teksi ilikosa zaidi, mwenye camionnette alikosa kidogo, na bima itatoa hela za kutengeneza gari. Hela hupewa mwenye gari. Hapo roho ya maître ikaingiwa na tamaa: mahali pa propriétaire, yaani mwenye gari, akaandika jina lake mwenyewe, kwa mwandiko safi wa katekista, akasaini. Hela zikageuka suti ya kijivu na viatu vyenye ncha. Grégoire alionyeshwa ukurasa wa mwisho tu, akaambiwa bima italipa vita ikiisha. Akaamini, maskini, akatengeneza gari kwa mfuko wake.

Siku ya kesi, Constantin alisimama ndani ya suti hiyo na kutangaza kwamba jambo lilikwisha kuamuliwa. "Hii papier inafunga kila mutu, Bwana hakimu."

Hakimu, ambaye hakuwa ameona mshahara tangu vita ianze lakini tai alifunga kila asubuhi, alimuuliza Bulonza ana la kusema.

"Siku yenye balikaa ku ile meza, miye nilikuwa ku hopitali, muguu juu. Hakuna mwenye aliniita. Na nguo yenye banakatala nigeuze, sinunuake. Basome yote."

Karani akasoma toka juu, jina kwa jina, kama walivyozoea. Alipofika kwa propriétaire, Grégoire aligeuza shingo polepole.

"Maître," hakimu akasema, "inafunga kila mutu, ao haifunge?"

Constantin alipiga hesabu. Ikifunga, gari ni lake na kosa ni lake. Isipofunga, amekula pesa za Grégoire kwa karatasi ya bure, naye Grégoire yuko hapo karibu, na mikono yake ni ya mtu wa kubeba magunia.

"Inafunga... kidogo," alisema.

Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akasahau bunduki ukutani.

Hakimu aliamua kwamba karatasi hiyo haimfungi mama ambaye hakuitwa mezani. Lakini aliyekaa hapo akasaini kwamba gari ni lake na kwamba alikosa, asije kukana hapa. Constantin atalipa chuma cha mguu. Grégoire, kwa kuwa gari ni lake kweli, atampeleka mama hospitali kila atakapoitwa na daktari.

Suti iliuzwa kwanza, viatu vikafuata, na deni bado. Kila Ijumaa Constantin alipanda Nyalukemba kwa sandali, bahasha mkononi. Ijumaa ya tatu alimkuta Bulonza uani na nusu ya mtaa, sombe na vidagaa vya sambaza mezani, Grégoire akimshikia sahani. Alitaka kuacha bahasha mlangoni akimbie.

"Eh, propriétaire," Bulonza akaita kwa sauti ya soko, "unakimbia nani? Mumupatie kiti pale katikati, batu bote bamuone. Ingia, papa. Kuya ukule."