Biblia Nyepesi Ndani ya Jalada Jeusi

Jumapili, 2 Juni

Leo nimenyoosha mkono kanisani. Sijui nani aliunyoosha. Mimi nilikuwa nimekaa tu.

Ilikuwa hivi. Mchungaji Rachel alisema jumuiya yetu ya Mkolani haiwezi kuendelea kujifunza Neno namna hii. Mmoja anasoma tafsiri ya zamani, mwingine ile nyepesi, wa tatu anasoma kwenye simu, na mstari mmoja unatoka na vichwa vitatu. Jumamosi lazima tuchague tafsiri moja. Nani ataitetea nyepesi? Akasimama Mashimba. Mzee wa kanisa, muuza dawa za mifugo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Akasema Neno likieleweka ndipo linafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Makofi! Kwa Mashimba!

Nani ataitetea ya zamani? Kimya. Ndipo ule mkono.

Nikasema mimi, Florian Ishengoma, naisoma ya zamani kila siku kama ninavyokunywa maji. Mchungaji akafurahi kupita kiasi. Akasema basi Jumamosi nitasoma sura moja mbele ya wote na kuifafanua.

Ukweli wenyewe, na daftari usimwambie mtu: mimi ni fundi cherehani. Nimeshona majalada ya Biblia za nusu ya usharika. Biblia nazijua vizuri sana. Kwa nje.

Jumatatu, 3 Juni

Nimejaribu. Nimeifungua ya zamani asubuhi kibandani kwangu Mkuyuni, kabla wateja hawajaja. Nusu ukurasa, maneno matano nisiyoyajua. La sita nilidhani nalijua. Hapo ndipo nikaikumbuka hori. Jasho!

Krismasi ya mwaka juzi walimu wa Shule ya Jumapili waliniuliza hori alimolazwa mtoto Yesu ni kitu gani. Niliwahi kumsikia mvuvi mmoja kutoka pwani akiita mtumbwi mdogo hori. Nikawaambia ni mtumbwi, bila kupepesa jicho. Wakaleta mtumbwi kanisani. Mtumbwi mzima, umetoka ziwani, wanaume sita wa kuubeba, na bado unanuka dagaa. Mwanasesere akalazwa juu ya nyavu. Watu walilia kwa furaha. Mashimba peke yake alikohoa.

Mwezi uliopita nimeambiwa kwamba hori ya kwenye Biblia ni chombo cha kulishia ng'ombe. Mashimba amekulia Misungwi katikati ya ng'ombe. Alijua! Amekitunza kikohozi kile mwaka mzima na zaidi, anakisubirisha Jumamosi.

Saa sita mchana wazo likaja. Zuri mno. Nimechukua Biblia nyepesi ya mke wangu Eugenia, nikaishonea jalada jeusi la ngozi bandia, zipu nene, msalaba wa uzi wa dhahabu. Kwa nje ni ya zamani, ya heshima, ya babu. Kwa ndani ni uji. Jumamosi nitateleza nayo mpaka watu waseme kumbe ya zamani si ngumu hata kidogo. Na sitakuwa nimesema uongo. Mimi nitasoma tu. Jalada ndilo litakalosema.

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe amefika kutoka Kamachumu. Ma Teodora. Amekuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilishakufa zamani, hili lililobaki lina ukungu. Nimempa shikamoo nikiwa dirishani. Marahaba yake ameielekeza mlangoni.

Sikujua hali imefika hapo. Eugenia ameingia jikoni akamenya ndizi nyingi kuliko watu waliopo.

Baada ya chai mama mkwe akasema ana ombi. Alhamisi wanamfungua jicho. Linaweza kukubali, linaweza kukataa. Kabla ya siku hiyo anataka kusomewa habari za Ruthu, kwa tafsiri ya zamani aliyojifunzia kusoma. Amesikia kwamba mkwewe ni bingwa wa hiyo. Eugenia akaniangalia. Nikaangalia dari.

Nikaleta jalada jeusi. Nikasoma. Nimesoma vizuri, jamani! Sauti inapanda, sauti inashuka, sikujikwaa hata mara moja. Mama mkwe amepapasa jalada kwa kidole, akaugusa msalaba. Nilipomaliza akasema, "Hm."

Nikamuuliza kama amependa. Akasema amesikia.

Mpango unafanya kazi. Kama mtu aliyeisoma miaka hamsini hajashtuka, Mashimba atashtukia wapi?

Jumatano, 5 Juni

Mashimba amekuja kibandani! Mwenyewe, na Biblia chini ya kwapa. Nusura nijidunge sindano.

Kumbe hakuja kwa vita. Ameleta Biblia ya marehemu baba yake. Ya zamani! Jalada limeliwa na mchwa, mgongo umeachia. Akasema kwa sauti ya chini, mara ya kwanza namsikia na sauti ya chini, kwamba anataka ishonewe jalada jipya, halafu Jumamosi ataisoma mbele ya watu ili waone jinsi ilivyo ngumu. Nikamuuliza kwa nini anakitengeneza vizuri kitu anachotaka kukiangusha. Akasema hiyo ni ya baba yake, na nisiulize maswali mengi.

Nilikuwa na kipande kilichobaki cha ngozi ile ile, zipu ile ile, uzi ule ule. Nikamshonea. Nimefanya kazi safi, hata kama ni ya adui. Amepitia kuichukua jioni wakati nina wateja watatu wa sare za kwaya. Nimempa, ameifungia kwenye mfuko, ameondoka.

Kesho hospitali.

Alhamisi, 6 Juni

Siwezi kuandika kwa mpangilio. Nitajaribu.

Tulikaa kwenye benchi, mimi, Eugenia na mama mkwe, zamu yetu bado. Mama mkwe alikuwa ameshika kona ya kitenge chake, anaikunja, anaikunjua. Akasema nimsomee tena, kidogo tu. Nikatoa jalada jeusi. Nikafungua zipu.

Kurasa za njano. Harufu ya nyumba ya zamani. Pembeni maandishi ya kalamu ya wino.

Biblia ya baba yake Mashimba. Jana zote mbili zilikuwa mezani kibandani, nikampa ya kwangu!

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaanza kusoma. Nilisoma kama mtu anayetembea kwenye mawe ya Bismarck kule ziwani kwa miguu mitupu. Neno la tatu nikakwama. Mama mkwe, macho yamefumbwa, akalisema yeye. Nikaendelea. Nikakwama. Akalisema. Mwishowe mimi nilikuwa nashika kitabu na yeye anasoma, bila kuona chochote, sura nzima, polepole, na watu wa benchi la pili wakanyamaza kusikiliza. Yule mkwe anayekataa kumwacha mama mkwe wake. Nimemsikia leo kwa mara ya kwanza. Juzi nilikuwa nasikiliza sauti yangu.

Muuguzi akaita jina. Mama mkwe akasimama, akaupapasa mkono wangu akaushika. Akasema, "Florian, mwanangu, kama halikukubali, utanisomea hivi hivi. Hata ukijikwaa."

Nikasema ndiyo, Mama.

Nimeomba kwenye ukumbi ule. Bila maneno makubwa, bila kuangalia nani ananiona. Eugenia aliegemea bega langu. Muda haukutembea.

Daktari akatoka. Imeenda vizuri, alisema. Bandeji inatolewa kesho. Eugenia amelia. Mimi niliingiwa na vumbi jichoni.

Ijumaa, 7 Juni

ANAONA!

Bandeji ilipotoka alipepesa, akamtazama Eugenia muda mrefu, akamgusa shavu. Akauliza mbona amekonda. Kisha akageuka kwangu. Nikajiweka sawa. Akasema, "Kumbe umeota mvi hivi! Na tumbo hili ni la tangu lini?" Sijawahi kufurahia kutukanwa namna ile.

Daktari amemruhusu kusoma kidogo tu. Tulipofika nyumbani akaiomba Biblia. Nimempa ile ya kurasa za njano, nimesimama mlangoni tayari kwa lolote. Akasoma mistari miwili, akaifunga.

Akaniambia: ile ya Jumanne si hii.

Nikafungua mdomo. Akaniambia niufunge. Alijua tangu mstari wa kwanza, anasema, Ruthu anaijua kama jina lake. Nikauliza kwa nini hakusema. Akasema hii ya zamani ameisoma mpaka haisikii tena, anajisomea huku anawaza maharage jikoni. Jumanne, kwa ile nyepesi, alishtuka. Alimwona Ruthu barabarani, na vumbi. Akasema, "Nataka kuisoma kwa jicho langu. Iko wapi?"

Iko kwa Mashimba, mama yangu. Iko kwa Mashimba, na kesho ni Jumamosi.

Simu yake nimepiga mara saba. Haipatikani. Yuko Misungwi kwenye mnada. Atafika moja kwa moja kikaoni.

Jumamosi, 8 Juni

Jumuiya yote ilikuwa sebuleni kwa Mchungaji Rachel, wengine uani. Mama mkwe kwenye kiti cha mbele, miwani nyeusi, kama mtu mashuhuri. Mashimba akaja amechelewa, mavumbi mpaka kwenye nyusi, mfuko mkononi, moja kwa moja hadi mbele. Nilijaribu kumvuta koti. Akadhani namchokoza.

Akasema: sikilizeni wenyewe ugumu wa tafsiri hii. Akafungua katikati. Akasoma.

Ikatoka kama maji. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mbona inaeleweka. Wilhelmina wa kwaya akasema kwa sauti, hii ndiyo ya zamani? Basi tuichukue!

Nimeshinda! Ilikuwa imebaki kukaa kimya tu. Nakiri hapa, nilikaa kimya. Hata nilisema, "Mnasikia?"

Lakini Mashimba alikuwa ameacha kusoma. Akageuza ukurasa wa mwanzo. Nyeupe. Akageuza mwingine. Akaanza kupekua haraka haraka, mikono mikubwa ile inapapatika. Akasema, si kwa mtu yeyote, "Majina yetu yako wapi? Baba aliandika majina yetu."

Watoto tisa, yeye ni wa sita. Nimeyaona jana. Watatu wana tarehe ya pili pembeni.

Mama mkwe akageuza miwani ile nyeusi kwangu. Nikasimama. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine tena, lakini safari hii niliifahamu.

Nimesema yote. Jalada, uji, kibanda, wateja wa sare. Nikamkabidhi ya baba yake. Akafungua mwanzo, akapitisha kidole kwenye majina mpaka la sita, akavuta pumzi hata mimi nikaisikia mbavuni. Nikaona nimeshaanza, nikaongeza na hori. Nikasema mtumbwi ulikuwa kosa langu, mtoto alilazwa kwenye chombo cha ng'ombe.

Mashimba akanyanyua uso. Akasema kwao, baba yake alipata mtumbwi mbovu uliotobolewa na mawe, akaukokotesha kwa maksai kutoka ziwani mpaka Misungwi, na ndama wakalishwa humo miaka kumi. Krismasi ile alipouona mtumbwi kanisani alimkumbuka mzee, na donge likamkaa kooni.

Nikamuuliza: kwa hiyo kile kikohozi...

"Nilikuwa nalia, mjinga wewe!" akanguruma.

Jumuiya ikaanguka kwa kicheko. Mchungaji amecheka mpaka amefuta macho na ukingo wa kitambaa cha meza. Mashimba amenipiga mgongoni, bado pananiuma. Mama mkwe ndiye aliyemaliza shauri. Akasema tusome zote mbili, kwanza ya zamani kwa sauti, ili tuwasikie wazee wetu, halafu nyepesi, ili tuamke. Mikono yote juu. Hata ya Mashimba.

Nimerudi nyumbani mwepesi kama niliyepona malaria. Mpango umefichuliwa, na bado watu wananisalimia! Sitafanya ujanja tena maishani. Naandika hapa, na tarehe iko juu.

Jumapili, 9 Juni

Ibada nzuri mno. Mama mkwe amesoma somo la kwanza mbele ya kanisa, kwa jicho lake moja, na Eugenia amemshikia kitabu. Mashimba ameketi karibu nami kwa hiari yake. Nimejisikia mtu mpya.

Kwenye matangazo Mchungaji Rachel akasema mwalimu aliyetakiwa kuja Jumanne kutueleza jinsi Biblia inavyotafsiriwa kutoka Kiebrania amepata dharura. Akauliza, kwa utani tu nadhani, kama kuna yeyote kati yetu anayekijua Kiebrania hata kidogo.

Nikamwona Mashimba anajikuna sikio. Mkono wake ulikuwa unapanda. Ulikuwa unapanda!

Wangu ukawahi.

Si jambo gumu. Nimeambiwa wanaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na mimi cherehani yangu inashona kurudi nyuma. Kesho najifunza. Jumanne nafundisha.