Zege la Injinia

Injinia hakusomea uinjinia wowote. Cheo alijipa mwenyewe, kama walivyojipa wengi wanaotutawala, na hakuna aliyemdai cheti. Alikuwa na duka la kompyuta lenye upana wa mlango, kibao ukutani kilichosema MALI IKITOKA HAIRUDI, na kikombe kidogo cha bati, cha kahawa, kilichobonyea ubavuni.

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja amekumbatia kasha kuukuu la kompyuta. Alikuwa mchapaji: nje ya ofisi ya ardhi alichapa barua za malalamiko za waliodhulumiwa viwanja na wastaafu waliozungushwa hadi soli zikatoboka. Mashine yake ilikuwa imekufa, na meza isiyochapa hadi Ijumaa ingepewa mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pesa yangu ndiyo hii. Nichagulie vipuri, uniundie ya kuchapia tu."

Injinia akazitazama noti kama daktari anayetazama maiti. "Kwa hizi, mama yangu, nitakupa kasha na dua."

"Hata prosesa?"

"Prosesa ni ubongo. Ubongo hauuzwi kwa bei ya kofia."

"Basi ongeza na kasha hili. Bosi mmoja wa ofisi ya ardhi alihamishwa, akaniachia. Haliwaki, wala sijui lina nini."

Injinia akachungulia ndani. Lahaula! Kadi ya picha yenye kibandiko cha dhahabu, ile ya bei ya nusu pikipiki! Akaliinua kasha upande wa pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, maana katika biashara yao uzito ndio ushahidi: nyepesi ni feki, nzito ni halali. Hii ilikuwa nzito kama dhambi ya hakimu. Fyuzi tu imeungua, akawaza. Kulifungua palepale kungemwamsha mama wa watu.

"Skrepa tupu," akanuna. "Lakini mimi nina huruma."

"Inaonekana usoni, baba."

Akamuundia: bodi, prosesa, diski, vyote vizima, heshima ambayo rafu zile hazikuwahi kumpa mteja. Alipofika kwenye ramu, kile kijiti cha kumbukumbu, mama akamshika mkono.

"Ing'oe kibandiko kwanza."

"Cha nini?"

"Nataka kuiona uchi."

Kompyuta ikawaka. Mama akaijaribu kwa kuchapa mstari mmoja, *Tumebadilishana kwa hiari*, akautoa kwenye printa ya duka. Injinia akatia sahihi huku akicheka, kisha akaonyesha ukutani. "Usije kesho ukalia."

"Hilo nalijua. Hata mdogo wangu ulimwonyesha, mwaka ule wa mafuriko."

Injinia hakuuliza mdogo yupi. Mtenda husahau, mtendewa ndiye mwenye daftari kichwani.

Mama alipotoka tu, akarukia bisibisi. Kibandiko cha dhahabu kikabanduka kwa ukucha. Chini yake kadi ya enzi za babu. Akafungua pawasaplai. Ndani, bonge la zege, limekaa kama diwani kitini. Zege lile lilikuwa na umbo la kikombe, limebonyea ubavuni.

Akamwaga kahawa, akalitumbukiza bonge kwenye kikombe chake. Likaingia sawasawa, mbonyeo kwa mbonyeo. Naam, mwaka wa mafuriko ndio aliokuwa akikoroga na kugandisha saruji humo, kuzipa uzito pawasaplai feki alizowauzia wanyonge.

Akatimua mbio, bonge mkononi, mpaka ofisi ya ardhi. Mama alikuwa anachapa, vidole vikiruka.

"Umenitapeli, mama! Umenitapeli mchana kweupe!"

"Malalamiko?" Hakuinua macho. "Panga foleni, nyuma ya yule mzee wa kiwanja."

Watu kumi na mmoja wakamgeukia, kwa macho ya watu waliokwisha kuzungushwa vya kutosha. Injinia akapanga.

Zamu yake ilipofika, mama aliweka karatasi safi, akalipokea bonge, akaligeuza taratibu, akaliweka mezani mbele ya wote.

"Haya, baba, tuanze. Aliyetia zege humu, nimwandike nani?"