Marudio ya Mama Hosiana

Selestine alishuka Geita akitokea Shinyanga, tai moja shingoni na laki tatu mfukoni. Kwao Shinyanga alikuwa amekwisha kuwa bwana pamba, bwana mifugo na, kwa wiki moja ya heri, mchungaji. Hizo laki tatu zilikuwa za uchungaji.

Mtaa wa Kalangalala akaingia kwa mama lishe, akaagiza wali maharage. Meza ya pili wanawake wawili walikuwa wakimhurumia mwenzao. Mama Hosiana, muuza vitenge, alichukua mzigo kwa kadi ya mkopo ya benki, kachelewa miezi mitano. Asipopeleka laki mbili na nusu Ijumaa, kibanda kinapigwa mnada.

Selestine akaongeza nyama. Wapo watu wakisikia msiba hulia. Yeye hupata hamu ya kula. Aliposhiba akaulizia kibanda cha vitenge, akaenda moja kwa moja.

"Mama Hosiana, pole na kazi. Natoka kampuni ya kukusanya madeni. Faili lako la benki liko mkononi mwangu."

Mama akamkagua kuanzia tai hadi viatu. Benki humwita Zipora Magesa, mdaiwa. Haijapata hata siku moja kumuulizia Hosiana. Huyu jina kaliokota mtaani.

"Karibu, baba. Kaa. Mnatakaje?"

"Nataka kukusaidia. Nipe laki moja taslimu, faili linapotea."

"Yaya, hapana baba, taslimu sina hata mia. Nina marudio tu."

Selestine aliyajua maneno ya mikopo yote: rejesho, marejesho, riba. Marudio, akajisemea, ndiyo marejesho ya watu wa huku. Kumbe mama naye anadai watu!

"Yanafika ngapi?"

"Yakikubali, hata milioni mbili. Ila mtu wa kuyachukua anakuja Jumatatu, na benki haingoji Jumatatu. Mwenye laki mbili na nusu leo, yote ningemwachia."

"Yatakubali," Selestine akasema, akikaza tai. "Mimi mdaiwa hajawahi kunikatalia."

Karatasi aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kiofisa: amenunua marudio yote ya Zipora Magesa, wala hatamdai kitu. Mama akahesabu noti, akavuka barabara hadi kwa wakala wa simu, akazituma zote benki. Ujumbe wa kupokelewa ulipoingia, ndipo akaita bajaji.

Wakashuka kwenye karasha la Kalisti, mashine inavunja mawe, watu weupe kwa vumbi. Nyuma ya banda palikuwa na kichuguu cha mchanga wa kijivu.

"Ndiye tajiri mpya wa marudio?" Kalisti akauliza.

"Ndiye mimi. Wadaiwa wako wapi?"

"Wadaiwa gani, kaka? Marudio si ndiyo haya! Mchanga ulioshwa, dhahabu ikatoka, huu ukabaki. Huu mama kauosha mara tatu."

Wachimbaji wakaacha kazi. Kicheko kilishinda karasha.

"Tapeli wewe!" Selestine akafoka. "Twende polisi!"

"Twende, baba," mama akasema, akijifunga kitenge vizuri. "Mimi nitawaonyesha karatasi yako. Wewe utawatajia kampuni yako. Ofisi zenu ziko wapi vile?"

Mama akapanda bajaji ileile, akaenda kufungua kibanda chake.

Selestine akabaki anauzunguka mchanga wake. Akaupiga teke, ukamwingia kiatuni. Mwisho akavua tai, akakunja mikono ya shati.

"Kaka Kalisti," akasema polepole, wengine wasisikie, "hivi haya yanaoshwaje?"