Karibu ya Arusha Imeniponza

Kola, Machakos
11 Agosti 2003

Ndugu Mhariri usiyenijua,

Natumaini u mzima na umeshakula. Hilo la kula ndilo lililonishikisha kalamu.

Mimi huimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa letu. Mwezi uliopita tulialikwa Arusha, na siku ya mwisho tukaachiwa tutembee mji mpaka basi liondoke saa tisa. Mke wangu, Kalunde, alikuwa amenituma kitu kimoja tu: kitenge cha Tanzania, avae kwenye harusi ya binti yetu. Alinikumbusha mara tatu kama mtoto wa nasari: kitenge, cha zambarau, usisahau. Walionizuia ni watu wa Arusha wenyewe, na malalamiko yangu ni haya:

1. Saa tatu, mlangoni pa soko, fundi cherehani alikuwa anakula chapati na maharagwe. Kuniona tu, akasema karibu. Mhariri, kwetu Ukambani mtu akikuambia karibu, kiti kishapanguswa! Nikanawa, nikaketi, nikala. Alinitazama sana. Nilidhani anafurahi.

2. Hatua kumi mbele, mama muuza nyanya alikuwa na bakuli la makande, mahindi na maharagwe, ambayo ni isyo yetu iliyovuka mpaka wa Namanga. Naye akasema karibu baba. Nilikuwa nimeshiba, lakini kukataa chakula cha mtu ni kama kumwita mchawi. Nikamaliza bakuli, kwa heshima.

3. Kwenye duka la vitenge, Bi Fathia alinionyesha zambarau za kila namna. Nilipotoka nje kidogo nifikirie, akasema karibu tena. Nikarudi. Nikatoka, akasema tena. Nikarudi. Mara sita, haki ya Mungu! Mtu mzima akiitwa hakaidi. Mara ya saba nikamkuta anakula pilau, na unajua alichosema.

4. Nikiwa kwenye pilau hiyo, honi ya basi ikalia. Nilikimbia na mkono wenye mchuzi. Kitenge kikabaki dukani.

Harusini Kalunde alivaa gauni la mwaka juzi, akajificha nyuma katika kila picha. Tangu siku hiyo hanisemeshi wala hanipakulii. Inaniuma, Mhariri, sitakuficha. Katibu wetu wa kwaya, Erastus, anacheka tu. Eti huko karibu ni adabu, unajibu asante na kwenda zako. Adabu gani hiyo ya kumwita mtu kwenye sahani usiyotaka aiguse? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, kisha pita.

Kwa hivyo naomba serikali zote mbili zikubaliane kwamba asemaye karibu awe na kijiko cha pili mkononi. Asiye nacho ale kimya. Tangazo libandikwe Namanga, pale wanapogonga mihuri.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti wote, na mkeo pia, kama mnasemezana.

Ni mimi niliyeponzwa na adabu za watu,
Bartholomew Mwangangi

Tanbihi: Kalunde amenisamehe! Sasa hivi ameniletea sahani ya muthokoi, ya kwanza tangu harusi, hapa uani ninapomalizia barua. Kabla sijaonja, jirani yangu Musembi akapita. Nikamwambia karibu. Ilinitoka tu, Mhariri, kwa adabu. Amenawa, ameketi, na sasa anakwangua sahani. Tafadhali usichapishe barua hii. Nimemtazama Musembi sana. Anadhani ninafurahi.