Jiwe Langu la Angani

Jumatatu, 3 Juni
Chombo chetu cha anga kimefika kwenye asteroidi. Miaka mitatu na nusu njiani, kwenda kutazama rundo la kokoto! Mimi hufika Hachioji kwa treni dakika ishirini, na hakuna anayenipigia makofi. Mji wetu wa Sagamihara mzima umepagawa. Kila duka la mtaa wetu limebandika picha ya lile jiwe, na jiwe lenyewe linafanana na kiazi kilichong'atwa.

Wataalamu wanatafuta majina ya sehemu zake. Nikatangaza mbele ya wateja wote wa Kiyohide, yule muuza tambi mwenye shingo ya bata, kwamba mwamba mkubwa wa juu utaitwa Shunpei. Yaani mimi. Kiyohide akacheka mpaka supu ikamtoka puani. Akauliza, usipoitwa je? Nikaapa: majina yakitangazwa na langu halimo, ninyolewe kipara hapa hapa dukani kwake, mashine aishike yeye. Nywele zangu za dhahabu! Miezi minane ya kuzipaka rangi! Lakini nina wasiwasi gani? Boksi za chakula cha mchana za wataalamu ninazipeleka mimi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeandika SHUNPEI kwa vipande vya mwani juu ya wali. Boksi arobaini. Mjomba Tokuzo, mwenye duka letu la boksi, alidhani nimeanza kupenda kazi, maskini.

Wataalamu wamelila jina langu bila kulisoma. Wasomi hao! Dakta Wakabayashi tu, mkuu wao, ndiye aliyeniita. Akasema majina yanapigiwa kura na watoto wa shule, na mtu aliye hai haruhusiwi. Nikamuuliza, kwa hiyo nife kwanza, Dakta? Akanijibu kwamba si lazima nijisumbue kiasi hicho, na mayai ya leo yalizidi sukari.

Jumatano, 5 Juni
Akili haiishi. Nimemwambia Dakta kuwa Shunpei ni babu wa babu yangu, marehemu, mtazama nyota mashuhuri. Akampigia simu Mjomba kuhakikisha. Mjomba akasema ukoo wetu haujawahi kutoa mtu wa kutazama juu, wote tulikuwa wachimba visima. Ndugu wa damu huyo! Kiyohide amenunua mashine mpya ya kunyolea. Ameiweka dirishani, kando ya bei za tambi.

Alhamisi, 6 Juni
Leo chombo kilikuwa kitue. Kwenye chumba cha kuongozea kuna daruma, mdoli wa bahati, yule mwekundu asiye na mikono wala miguu. Jicho moja walimpaka siku chombo kiliporuka. La pili linangoja kitue salama. Watu wazima, wana shahada ukutani, wanamngojea mdoli wa karatasi!

Nikapiga hesabu. Nikimpaka mimi jicho la pili, chombo kikitua nitasema bahati imetoka mkononi mwangu, nami nitawadai jina la mwamba. Wote walikuwa wameinamia boksi zao. Nikachomoa kalamu ya wino ya kuandikia boksi. Jicho safi, duara, zuri kuliko lao.

Nusu saa baadaye ikaja habari: chombo kimebakiza mita arobaini, kimesita, kimerudi juu chenyewe. Mmoja akageuka kumtazama daruma. Kisha wote. Kisha wakanitazama mimi. Kalamu nilikuwa nimeichomeka nyuma ya sikio.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepigwa marufuku kuingia. Mjomba amekwenda kuinama kuomba radhi, kanivuta shingo niiname naye. Tumeinama hata mgongo ukalia. Dakta Wakabayashi alikuwa mpole, jambo baya zaidi. Alisema daruma hana kosa. Miale ya kupimia umbali iliangukia mwamba mweusi mno, haikurudi vizuri, na chombo kikafanya kilichofundishwa: ukiwa na shaka, panda. Halafu akaniambia, kijana, sisi hatupaki jicho la kazi ambayo haijaisha. Wewe unapaka hata la kazi ambayo hujaianza.

Mjomba akasema ahsante! Kwa hilo!

Sasa boksi zinapelekwa na Kiyohide.

Jumanne, 11 Juni
Kimetua. Mtaa mzima ulijazana kwa Kiyohide kutazama kwenye televisheni. Bibi wa duka la vitambaa alilia. Mimi sikulia, ni mvuke wa supu. Daruma mpya akapakwa jicho na Dakta mwenyewe, jicho limekaa upande.

Kisha majina. Mwamba mkubwa umeitwa Tonge. Tonge la wali! Kura elfu sita za watoto wenye njaa.

Kiyohide akavuta kiti. Aliuliza kama nataka na ndevu, akachungulia kidevuni, akasema samahani, hakuna kitu. Nywele zikaanguka. Watu wakapiga makofi kuliko walivyokipigia chombo.

Jumatano, 12 Juni
Maajabu! Kipara ni dawa. Bibi wa vitambaa kaniona, kasema huyu kijana kanyoa kwa toba, amejuta kweli, kanipa keki ya maharage. Mjomba ameninunulia kofia. Hata Dakta ametuma ujumbe kwamba marufuku imeondolewa. Laiti ningalijua, ningalinyoa zamani na kuharibu mengi zaidi.

Mwaka ujao chombo kitaleta vumbi la lile jiwe duniani. Nimeshawatangazia wote kuwa kopo nitalifungua mimi. Kiyohide akauliza, usipolifungua je, maana kichwani hapana kitu tena. Nimeweka nyusi rehani.